Mstari wa Tano

Kwa miaka kumi na moja nimekuwa wakili wa kiwanda cha magodoro bila kusomea sheria hata siku moja. Kazi ninayolipwa mshahara ni kushona kava. Lakini mtu yeyote akipewa fomu na ofisi, anakuja nayo kwenye meza yangu ya kantini saa ya chai, anainyoosha kwa kiganja na kuuliza, "Wakili, hapa wanataka nini?" Mimi najaza, yeye anasaini, soda inakuja. Nayasema haya mapema kwa sababu habari hii ni ya Rula, mkata sponji, lakini uchafu wake mwingi ulitoka kwenye kalamu yangu, na sitaki mtu aje kuniambia mwishoni kwamba nilijificha.

Rula tulimwita hivyo kwa sababu hakuwahi kuhitaji rula. Bloku la sponji likitoka kwenye mashine lina ukubwa wa chumba kidogo, na ndani linachemka kama uji. Halikatwi siku hiyo. Linapelekwa kwenye chumba chake peke yake, chenye madirisha makubwa na kibao mlangoni, LINAPUMZIKA, USIGUSE, na huko linakaa siku mbili nzima. Ukiliharakisha, linasinyaa katikati na hasara inakuwa yako. Baada ya siku hizo mbili ndipo Rula analipokea, analizunguka mara moja, anafumba jicho moja, halafu anakata. Msimamizi alikuwa akija na futi yake kumkagua, akaacha baada ya mwezi, maana alikuwa anajiaibisha.

Alikuwa mtu mkimya, mnyoofu kupita kiasi. Ukimtania saa nne, anacheka saa sita. Alilelewa na bibi yake, mwanamke wa miaka themanini na saba mwenye ulimi wa kunyoa nywele, na alikuwa na mke na binti mmoja. Binti huyo alikuwa akija na mama yake getini kila Jumamosi mchana tunapotoka kazini. Alikuwa baba yake mtupu, ila mfupi, basi tukamwita Sentimita. Aliitikia jina hilo kwa furaha kuliko lile la shuleni. Rula alikuwa akimsimamisha ukutani, anafumba lile jicho lake, anamwambia, "Mita moja na sentimita kumi na nne." Na mtoto anadai kumi na tano, wanagombania hiyo moja mpaka kona ya barabara.

Sasa niwaeleze ile orodha ilivyozaliwa. Tulikuwa na mwenzetu mmoja wa stoo tuliyemwita Yatima, kwa kuwa alimzika mama yake mara tatu ndani ya miaka miwili. Kila akizika anapewa siku saba. Ofisi ilimwonea huruma sana, hadi mazishi ya nne, ambapo siku ya pili ya msiba mama mwenyewe alifika getini na kikapu, akiuliza kama mwanawe yupo kazini, maana simu hapokei.

Tulicheka wiki nzima. Ofisi haikucheka. Afisa Utumishi wetu tunamwita Bwana Viambatisho, kwa sababu huwezi kumwambia habari za asubuhi bila yeye kuuliza kiambatisho kiko wapi. Si mtu mbaya. Watu wabaya angalau wanajua wanachofanya. Yeye aliketi ofisini kwake wiki mbili, akatoka na karatasi iitwayo Fomu ya Ndugu wa Karibu. Sheria ya nchi ilisema tu kwamba mfanyakazi aliyefiwa na ndugu wa karibu apewe ruhusa. Ofisi yetu ikataka kujua ukaribu huo unaishia wapi, na ikaamua unaishia mstari wa tano. Kila mfanyakazi aandike watu watano ambao, wakifariki, ataomba ruhusa. Fomu inajazwa Januari na haiguswi mpaka Januari nyingine. Asiye kwenye orodha akifa, huo ni msiba wake mwenyewe.

Wafanyakazi wa kawaida wangelalamika. Sisi tukafanya mkakati. Kantini iligeuka kijiwe cha makocha wanaopanga timu. "Mjomba wako ana kisukari? Huyo anaanza." "Mama mkwe bado anapanda ngazi bila fimbo? Benchi." Kulikuwa na watu wanaobishana kabisa kama shangazi mwenye presha ana nafasi nzuri kuliko babu mwenye moyo mpana. Na mimi ndiye niliyekuwa kocha mkuu. Nilijaza fomu tisini na kitu kwa siku nne. Nilikunywa soda mpaka tumbo likaniuma.

Mtoto hakuandikwa na mtu. Kwanza ilikuwa uchuro: nani anataka kuandika jina la mwanawe kwenye karatasi inayosubiri watu wafe? Pili, na hili tulilisema kwa sauti tena tukijiona wajanja, ilikuwa kupoteza nafasi. Watoto hawafi, tulisema. Wazee ndio wanaokufa.

Rula peke yake alikuja na fomu ambayo ameshaijaza mwenyewe. Mke, baba mkwe, mama mkwe, mjomba, na kwenye mstari wa tano, binti yake, majina yote matatu, kwa mwandiko wa kuchonga.

"Wewe una akili kweli?" nikamwuliza. "Huyu umemwandika wa nini?"

"Wamesema ndugu wa karibu. Nani wa karibu kuliko huyu?"

"Bibi yako yuko wapi humu?"

"Bibi hafi huyo."

"Ana miaka themanini na saba!"

"Ndiyo maana. Angekuwa wa kufa angeshakufa."

Watu wakacheka, nami nikainuka na ucheshi wangu wa kantini. Nikamwambia anajichulia, anampa mtoto uchuro, anatupa siku saba jalalani. Nikachukua kalamu yangu, nikaukata mstari wa tano, nikaukata tena na tena mpaka wino ukatoboa karatasi, ili jina lisisomeke kabisa, maana nami naogopa uchuro. Juu yake nikaandika jina la bibi. Rula aliitazama ile karatasi kwa muda, kisha akasaini. Akaninunulia soda. Nikainywa.

Ilikuwa mwezi wa nne mwaka huohuo. Jumatatu mtoto alirudishwa kutoka shuleni na homa. Jumanne wakampeleka hospitali, wakaambiwa walale hapo. Jumatano saa tatu asubuhi simu yangu iliita nikiwa kwenye cherehani.

"Wakili," Rula akasema, "niombee ruhusa. Sentimita ametuacha."

Nikamwuliza ameenda wapi. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyojibu. Akarudia, "Ametuacha," ndipo nikaelewa.

Alhamisi tulizika. Ijumaa asubuhi nilikuwa mbele ya meza ya Bwana Viambatisho na fomu ya ruhusa ya msiba niliyoijaza vizuri kuliko fomu zote nilizowahi kujaza. Alizipokea karatasi zangu kwa heshima, akazipanga.

"Kibali cha mazishi kipo. Vizuri. Cheti cha kuzaliwa kipo. Vizuri sana. Barua ya hospitali, tena yenye muhuri. Wangekuwa wote wanaleta hivi, kazi yangu ingekuwa raha."

Kisha akavuta droo, akatoa orodha ya Rula, akashuka nayo kwa kidole. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano.

"Hayumo."

"Mzee, ni mtoto wake wa kumzaa."

"Sikatai. Nimesema hayumo."

"Lakini ruhusa ya msiba..."

"Wakili, nawe unajua. Huu utaratibu haukuja kwa ajili ya Rula, ulikuja kwa ajili yenu wote. Leo nikimkubalia huyu, kesho Yatima ananiletea msiba wa kuku." Akaisogeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha. "Tena hapa mstari wa tano kuna mtu alikuwepo akafutwa. Umefutwa kwa nguvu kweli. Kwa hiyo hata tukisema alisahau, hakusahau. Aliamua."

Nilikuwa na la kusema hapo, sikulisema. Ningesema, "Ni mimi niliyemfuta," na pengine ingesaidia na pengine isingesaidia. Nilitoka na siku moja ya dharura, ileile wanayopewa watu waliopasukiwa na bomba la maji nyumbani. Na siku yenyewe ilikuwa hiyo Ijumaa, imeshafika saa tano.

Rula hakurudi kazini Jumamosi. Wala Jumatatu. Nilikuwa napita kwake jioni, maana tunakaa mtaa mmoja. Wana vyumba viwili. Shemeji alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, mgongo kwenye kitanda kidogo, mkononi ana soksi moja ya shule. Ya pili hawakuiona, na alikuwa ameshika hiyo moja kana kwamba mtu amemtuma aitunze. Hakuwa akilia wala kula. Alifanya jambo moja tu: Rula akiinuka, hata kwenda kuchota maji, alimkamata shati kwa nyuma.

"Ndivyo ilivyo," Rula akaniambia. "Nitokeje?"

Humo ofisini mwetu kuna sheria nyingine fupi, isiyohitaji kiambatisho. Ukikosa kazini siku tano mfululizo bila ruhusa, hufukuzwi. Unahesabiwa umejiachisha kazi mwenyewe. Ni lugha nzuri sana, inamwacha kila mtu na mikono safi. Siku ya tano Bwana Viambatisho alinipa barua nimpelekee jirani yangu: afike kesho saa mbili kamili asubuhi ofisini atoe maelezo, la sivyo ahesabiwe amejiachisha.

Niliisoma barua ile mbele yao wote, Rula, shemeji, na bibi ambaye alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya chungwa ambalo hakuna aliyelitaka. Nilipomaliza, bibi akauliza, "Hiyo orodha wanayoisema ni ipi?"

Nikamweleza, kwa kuzungukazunguka. Hakuna lugha ya heshima ya kumweleza mtu mzima jambo lile.

"Kwa hiyo mimi nimo?"

"Umo, bibi. Mstari wa tano."

"Nina siku ngapi?"

"Saba."

"Za nini?"

Nikamtazama Rula. Rula akatazama sakafu. "Za... za ukifa, bibi," nikasema.

Bibi akaweka chungwa chini. "Kumbe nina mali humo kiwandani na hamniambii," akasema. "Kesho tunakwenda wote."

Tukaenda. Shemeji aliachwa na dada yake, ambaye ilibidi afungue vile vidole kwenye shati la Rula kimoja kimoja. Saa mbili kasoro robo tulikuwa mlangoni. Bibi alipewa kiti, Rula akasimama, nami nikasimama karibu na kabati la mafaili nikijifanya nimekuja kwa shida yangu nyingine.

"Shikamoo, bibi," Bwana Viambatisho akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye orodha?"

"Naam, bibi. Poleni sana na msiba."

"Ahsante. Nimesikia nina siku zangu saba hapa. Nimekuja kuzichukua, nimpe kitukuu changu."

Bwana Viambatisho akatabasamu lile tabasamu wanalopewa wazee na watoto. "Bibi, zile siku hazihamishiki."

"Kwani ni za nani?"

"Ni za Rula."

"Na Rula si huyu hapa? Mpe."

"Anapewa pale... yaani, kunapotokea..." Akamtazama Rula amsaidie. Rula hakumsaidia. "Bibi, zinapatikana pale wewe mwenyewe unapokuwa haupo."

"Sema vizuri, mwanangu, masikio yamechoka. Nikienda wapi?"

Miezi mitatu yule bwana alikuwa ameketi na orodha ile, na haikuwahi kumpasa kumtazama usoni mtu aliyemo.

"Ukifa, bibi," akasema.

"Eeh. Unataka nife lini? Wiki hii itakufaa?"

Karani wa chumba cha pili alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Bibi hakutazama huko. "Nisikilize," akasema. "Mimi nimeshiba maisha. Nikifa mnizike asubuhi, mchana huyu arudi kazini kwake, wala sitamkasirikia. Mimi nitalia nini na nitaliliwa nini? Mtoto wa miaka saba ndiye wa kuliliwa. Mama yake hajameza kitu tangu Jumatano ile. Huyu akitoka, yule ananing'inia kwenye shati. Wewe una karatasi inayosema alie mimi nikifa, asilie mwanawe akifa. Nani alikusaidia kuiandika?"

Nilitazama mafaili. Nilitazama sana mafaili.

Bwana Viambatisho alifungua mwongozo, akaufunga, akaufungua pengine. Mwisho alipata njia, na nampa haki yake, aliitafuta kwa bidii. Rula alikuwa na siku kumi na mbili za likizo ya mwaka ambazo hajazitumia. Zile tano alizokosa zingeingizwa humo, na saba zilizobaki akae nyumbani. Kazi isingepotea. Akatoa fomu, akaigeuza upande wa Rula, akamwonyesha pa kusaini. Kwenye fomu palikuwa na mstari: Aina ya likizo. Alikuwa ameshaandika: Mapumziko.

Rula aliishika kalamu. Hilo ndilo neno la kwanza alilotamka asubuhi ile: "Jina lake naandika wapi?"

"Jina la nani?"

"La binti yangu."

"Hapana, fomu hii haina mahali pa jina. Hii ni ya mapumziko."

Rula akasaini. Angefanya nini? Nyumbani kulikuwa na mtu amekaa chini na soksi. Tulipotoka nje bibi akamwambia, "Umepata siku, mjukuu wangu, usisononeke." Rula akasema, "Nimepata, bibi. Lakini humo ndani imeandikwa nilikuwa napumzika."

Saba ziliisha kama zinavyoisha. Shemeji alianza kunywa uji, kisha akaanza kusema. Rula akarudi, na asubuhi hiyo alikuta kwenye sanduku lake la barua karatasi wanayopewa wote wanaotoka likizo, imepigwa chapa zamani, inajazwa jina tu. Aliniletea niisome, si kwamba hakuielewa. Alitaka mtu mwingine aisikie. Ilisema: Karibu tena kazini. Uongozi unatumaini umefurahia mapumziko yako na umerudi na nguvu mpya.

Nilimwambia niitupe. Akasema hapana, akaikunja, akaitia mfukoni.

Wiki ya pili, Rula, yule ambaye msimamizi aliona aibu kumkagua, aliingia chumba cha kupumzishia, akatoa bloku la jana, akalikata. Lilisinyaa lote. Magodoro ishirini na sita yakawa na bonde katikati. Msimamizi alikuja mbio, Bwana Viambatisho akaitwa, nasi tukazunguka kama watu wanaotazama ajali.

"Kibao hukukiona?" msimamizi akauliza. "Lilikuwa linapumzika!"

"Nimekiona," Rula akasema. Hakupandisha sauti. "Nilidhani siku hizi humu ndani ukisema mtu anapumzika, maana yake amefiwa, na anatakiwa kazini."

Hakuna aliyecheka, hata saa sita. Alipewa barua ya onyo. Barua za onyo zina mahali pa jina.

Mimi nikaendelea kunywa soda zangu, ingawa si nyingi kama mwanzo. Watu walikuwa wanajua. Hakuna aliyenisema usoni, walianza tu kujaza fomu zao wenyewe, vibaya, na kuzirudia. Kuna siku nilimwambia Rula nataka kumwomba msamaha. Akaniuliza wa nini. Nikasema anajua. Akasema, "Ulidhani hafi. Na mimi nilidhani hivyohivyo. Ila mimi nilimwandika." Akaondoka kwenda kukata. Mpaka leo sijui kama huo ulikuwa msamaha.

Ikafika Januari. Bwana Viambatisho alikuja mwenyewe kantini na fomu mpya, akasimama kwenye kiti. Alikuwa na uso wa mtu aliyebeba zawadi. Uongozi, alisema, ni sikivu. Uongozi umetafakari tukio lililompata mwenzetu. Kwa hiyo fomu ya mwaka huu imeongezwa mstari wa sita. Tukageuza karatasi. Mstari wa sita ulisema: Mtoto (mmoja).

Kisha mwanamke mmoja wa idara ya gundi akanyoosha mkono.

"Mimi nina mapacha."

"Hongera," Bwana Viambatisho akasema.

"Nauliza, niandike yupi?"

"Hilo," akajibu, akishuka kwenye kiti, "ni suala la familia."

Sitaki kumweka mtu roho juu, basi niseme kabisa kwamba yale mabano yalikuja kuondolewa mwezi wa tatu, na kwamba leo mfanyakazi wetu akifiwa na mtoto, yeyote, haulizwi orodha. Siku ni zilezile saba. Wenye kudhani saba zinatosha hawajafika nyumbani kwa Rula. Lakini siku ile ya Januari hatukujua haya. Nilikaa na fomu yangu mwenyewe mbele yangu. Nina watoto wanne. Wa kwanza ana afya ya punda, wa pili vilevile, wa tatu ana pumu, wa nne ndiyo kwanza anatambaa. Nikajikuta naandika herufi ya kwanza ya jina la wa tatu, kwa sababu ya pumu. Ilinichukua muda kuelewa ninachofanya. Nilikuwa napanga timu. Nikaiweka kalamu chini, nikajichukia kama sijawahi kujichukia.

Rula aliketi mbele yangu bila kuniomba kalamu. Alijaza mitano ya juu haraka. Bibi alikuwa wa kwanza safari hii, kwa amri yake bibi mwenyewe. Kwenye mstari wa sita aliandika yale majina matatu, kwa mwandiko uleule wa kuchonga.

"Rula," nikamwambia taratibu, "huyu hatakupa siku."

"Najua."

"Watasema umepoteza nafasi."

"Wamesema mtoto mmoja," akasema. "Ndiye huyo." Akasaini, akaenda zake kazini.

Fomu ilibaki mezani. Yule mama wa mapacha alikuja, akaisoma akiwa amesimama. Akachukua kalamu yangu, na kwa kuwa sote tulimjua mtoto kwa lile jina tulilompa getini, akaandika kwenye mstari wake wa sita: Sentimita. Akamsogezea wa nyuma yake. Yatima akaja, ambaye hana mtoto kabisa, naye akaandika. Walioandika kwa shida waliniambia niwaandikie, na hapo ndipo nilipofanya kazi ya uwakili ya maana kwa mara ya kwanza. Niliandika jina hilo mara hamsini na tatu. La mwisho likawa la kwangu, juu ya ile herufi moja ya mwenye pumu.

Siku ya tatu nikaitwa ofisini. Mezani palikuwa na fomu mia mbili na nane.

"Wakili," Bwana Viambatisho akasema, na safari hii hakuwa na tabasamu lolote, "haiwezekani kiwanda kizima kiwe na mtoto mmoja. Huyu Sentimita ni nani?"

Faili la mtoto yule lilikuwa limekaa kwenye droo yake miezi tisa. Kibali, cheti, barua yenye muhuri, vyote alivyovisifu. Na sasa ndipo anauliza ni nani.

Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima usiku, ya kumng'ata. Ilipotea yote.

"Ni yule wa mstari wa tano," nikasema. "Yule aliyefutwa. Nilimfuta mimi, kwa kalamu yangu, baba yake alikuwa amemwandika."

Akavuta droo. Akatoa ile orodha ya mwaka jana, akainyanyua kwenye dirisha kama siku ile, akakunja uso kutafuta herufi chini ya wino wangu. Hazikuonekana. Nilizifuta vizuri. Akaichukua kalamu.

"Majina yake kamili?"

Alijua wapi pa kuyatafuta. Yalikuwa kwenye cheti, sentimita ishirini kutoka kwenye kiwiko chake. Nami nilikuwa nayajua, nilikuwa nayajua kuliko sala. Lakini nikamwambia, "Kamuulize baba yake. Yuko chumba cha kukata."

Nilidhani atanifukuza. Aliinuka, akachukua ile orodha na kalamu, akapita mbele yangu, nami nikamfuata. Hakuna aliyewahi kumwona chini kule. Alipita katikati ya mashine na viatu vyake vya ofisini, mavumbi ya sponji yakimganda kwenye suruali, na watu wakaziacha kazi zao mmoja baada ya mwingine. Alifika mbele ya Rula, akasimama. Kelele zilikuwa nyingi, alichouliza sikukisikia.

Rula alizima mashine. Akayataja yote matatu, polepole, moja moja, akitazama kalamu ikiandika, na lilipokosewa la pili akamwambia afute aanze tena.